Watoto wa Stoo ya Mipira

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya mashine ya fotokopi, kwenye kibanda kimoja karibu na chuo, nikisubiri kurasa za pendekezo langu la utafiti. Mwenye kibanda alinikabidhi karatasi zikiwa bado na moto. Nikazisogeza puani bila kufikiri, kama mtu anavyonusa mkate, na papo hapo machozi yakanilengalenga. Mikono ya Madam Nekesa ilinukia hivyo. Karatasi zenye moto, wino, na sabuni ya kipande aliyofulia asubuhi kabla ya kuja shuleni.

Mimi mwenyewe ni mwalimu sasa, na kama wengine wa rika langu nimerudi kuwa mwanafunzi wikendi na wakati wa likizo. Msimamizi wangu chuoni ni mtu mpole. Amenishauri nitafiti watoto waliofiwa na wazazi, na alinishauri kwa sauti ya mtu anayenipunguzia kazi, akisema hapa Kisumu sitahitaji hata kwenda mbali kuwatafuta. Nilimwambia nitafikiria. Sikumwambia kwamba mimi niliwahi kutafutwa.

Tulikaa mtaa wa Nyalenda, mimi, mama na baba, katika nyumba ya mabati iliyokuwa hatua chache nyuma ya barabara. Baba alitengeneza vitanda hapo barabarani, na mama aliuza nguo za mitumba za watoto soko la Kibuye. Mama alikuwa na sauti ya sokoni. Hata akiniita nikiwa mlango wa pili, aliniita kama mteja anayetaka kumponyoka. Alipoanza kukwaruza koo nilidhani amepiga kelele kupita kiasi. Na alipoanza kunipakulia ugali wangu, kukaa kando mikono mitupu na kuniambia yeye amekula sokoni, niliona wivu. Nilimwona kichwani mwangu ameketi katikati ya marundo ya nguo, anakula samaki wa kukaanga na chapati, halafu anarudi nyumbani kutuachia sisi dagaa. Nilidhani ndiyo maana anakonda. Nilifikiri vyakula vizuri humkondesha mtu akila kwa kujificha.

Madam Nekesa alitufundisha Kiswahili na sayansi darasa la saba. Alikuwa mtu wa upande wa Bungoma, na Kijaluo chake kilichechemea. Alijua salamu ya asubuhi tu, kwa hiyo alikuamkia "oyawore" hata jua likizama, nasi tulimwitikia vivyo hivyo bila kumcheka, maana tulimpenda. Walimu wengine wakati wa chakula walikwenda ofisini. Yeye alibeba bakuli lake la githeri akaja kula nasi darasani, akikaa kwenye dawati lolote lenye nafasi. Ukikosa swali hakukuwekea alama ya kosa mara moja. Alikuuliza ulilifikiria vipi, akasikiliza mpaka mwisho, na mara nyingi ulipokuwa unaeleza uliona mwenyewe mahali ulipopotelea.

Muhula wa pili tukasikia kwamba Madam anasoma. Habari hiyo ilitutia wasiwasi. Sisi tulimjua mtu mmoja tu mkubwa aliyerudishwa darasani, kijana mwenye ndevu aliyekariri darasa la sita, kwa hiyo tulikata shauri kwamba Madam alianguka mtihani mahali fulani na sasa anarudia. Hatukumuuliza, tusimwaibishe. Tuliamua kumsaidia kimyakimya. Saa ya kusoma kimya, yeye alipokuwa akisahihisha kazi zetu, kichwa kilimwinamia mpaka kikalala juu ya mkono wake, na darasa zima likatulia kama kanisa. Mtu akikohoa alikaziwa macho. Mwalimu mkuu akionekana dirishani, mmoja wetu aliangusha kifutio cha ubao, na Madam akaamka, akatutazama, akatutabasamia kana kwamba amelala nyumbani kwake.

Ndipo mambo ya stoo ya mipira yalipoanza. Stoo hiyo ilikuwa chumba kidogo mwisho wa madarasa, cha kuwekea nyavu, milingoti ya voliboli na mipira iliyoisha pumzi. Kila Alhamisi baada ya chakula Madam aliwaita wanafunzi wachache, akaingia nao humo, akarudisha mlango. Walitoka na mandazi mkononi. Wengine walitoka macho yamewavimba kidogo, lakini hilo sikulitilia maanani. Waliosimulia walisema kuna kifaa kidogo cha kunasa sauti chenye taa nyekundu, na kwamba Madam huwauliza maswali kisha anasikiliza tu, hata ukinyamaza anakungoja.

Mimi sikuitwa, na nilitaka sana kuitwa. Nilijua maana yake: hao ndio aliowapenda zaidi. Nikaanza kufuta ubao kabla sijaambiwa. Nikainua mkono kwa kila swali, hata yale nisiyoyajua. Nilipaka viatu vyangu masizi na mafuta ya kupikia ving'ae. Nyumbani nilimlalamikia mama kwamba Madam ana watoto wake wa stoo na mimi simo. Mama alikuwa akikunja nguo za mauzo, akaendelea kuzikunja, akaniambia nisiwe na haraka.

Alhamisi moja Madam alipita kati ya madawati, akaweka mkono juu ya dawati langu na kuuacha hapo. Akasema, "Awuor, leo njoo na wenzako." Nilijiona nimekuwa mtu.

Tulikaa kwenye mikeka ya mazoezi, juu ya vumbi na harufu ya mpira uliochakaa. Madam alitoka kwenda kuleta mandazi. Msichana mmoja wa darasa letu, Mercy, ambaye alikuwa mkongwe wa stoo, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Kwenu ni nani?"

Nikamuuliza, "Ni nani nini?"

"Mgonjwa. Kwetu ni baba. Huyu kwao ni mama yake. Kwenu?"

Nilimwambia kwetu hakuna mgonjwa. Mercy alinitazama. Hakubisha. Alivuta mkeka wake kidogo, akanisogezea upande usiochanika, ili nikae vizuri.

Madam aliporudi na kuweka kifaa chake juu ya kreti, nilisimama. Sikutaka kukaa pale kwa jina la mtu mwingine. Nikamwambia kwa adabu kwamba amekosea kuniita, kwamba kwetu wote ni wazima. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Taa nyekundu ilikuwa imewaka. Akaizima. Akawapa wenzangu mandazi yao, akawaambia tutazungumza siku nyingine, na walipotoka alikaa kwenye kreti, magoti yake yakigusana na yangu. Alipangusa vumbi kwenye kifaa kwa kidole.

"Muulize mama," alisema mwishowe. "Ukifika nyumbani, Awuor, muulize mama."

Nilimuuliza nimuulize nini. Alinipa mandazi mawili, na sikuweza kuyala.

Mama alikuwa amerudi mapema siku hiyo. Alisonga ugali, akanipakulia pamoja na sukuma, akakaa. Nilimuuliza kama amekula. Akasema amekula sokoni. Nikamuuliza amekula nini. Akaanza kutaja kitu, akaacha katikati. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akakata ugali mdogo kama punje ya mahindi, akauchovya kwenye mchuzi na kuutia mdomoni, huku akinitazama nimtazame. Alitafuna muda mrefu. Akajaribu kumeza. Mkono wake ukaenda shingoni, mabega yakapanda, macho yakamjaa maji, na ile punje ikarudi kwenye leso yake.

"Umeona," alisema. "Nilimwomba Madam akuambie. Mimi nilishindwa."

Baadaye nilielewa yote yalivyokuwa. Jumapili moja Madam alikwenda Kibuye kununua sweta, akamkuta mama amekaa pembeni na kikombe cha uji ambao haukumshuka. Walizungumza. Ilikuwa saratani ya koo, na madaktari walikuwa wameshamwambia imefika mbali. Mama alisikia kwamba mwalimu wangu anasomea mambo ya kuwashauri watoto, na kwamba shahada yake ya pili inahusu watoto wanaouguza wazazi. Akamkubalia niwe mmoja wao, kwa sharti kwamba Madam ndiye atakayenipa habari, maana ndiye aliyesomea. Madam akakubali. Na siku ilipofika, pamoja na masomo yake yote, alishindwa kama mama alivyoshindwa. Kila mmoja alimtegemea mwenzake.

Baada ya hapo hakujaribu tena kunirekodi. Badala yake alianza kuja nyumbani Jumapili mchana, na begi lake la vitabu vya chuo, akakaa kwenye stuli karibu na mama ili mimi nipate kwenda kucheza. Sikuenda kucheza. Nilikaa mlangoni nikiwasikiliza. Mama alisinzia, Madam akasoma, akapiga mistari kwa kalamu ya risasi, mama akaamka, wakaendelea kuzungumza walipoachia. Walizungumza Kiswahili, maana ndiyo lugha waliyokutana nayo, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, hakijali yupi ni yupi na kipi ni kipi, lakini Madam, ambaye darasani hakuacha kosa lipite, hapo hakumsahihisha hata mara moja.

Siku moja mama alikitazama kitabu kile kinene kwa muda, akamuuliza kinasema amfanyie nini mtoto wake kabla hajaenda.

Madam alikigeuza, akakitazama jalada kama aliyetumaini kukuta jibu hapo. "Hakisemi, mama Awuor," alimwambia. "Kinaeleza tu jinsi atakavyolia."

Mama alicheka. Kicheko kilimuumiza, akashika shingo, lakini aliendelea kucheka, na Madam naye akacheka huku akifuta macho. Mimi mlangoni niliwachukia wote wawili kwa kicheko kile.

Ni kwenye stuli ile nilipomsikia akimweleza mama kuhusu shida zake za chuoni. Msimamizi wake alikuwa amemuuliza mbona amesimamisha mahojiano. Alipoeleza, akaambiwa amewasogelea watoto mno. Aliambiwa mtafiti akishakuwa mtu wa nyumbani haoni tena sawasawa, kwa hiyo achague, ama atuandike ama awe mmoja wetu. Mama alimuuliza atachagua nini. Alisema hajui. Alisema kila akikaa mezani aandike kuhusu mtoto anayeuguza mzazi, anaona mikono yangu ikikoroga uji. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa mikono tu.

Baba kwa upande wake hakuwa na maneno. Mama aliposhindwa kulala chali, akawa anakabwa, baba aliacha kazi ya mteja akamtengenezea kitanda ambacho upande wa kichwa uliinuka, kikiwa na mbao za kushikia pande zote mbili. Alikipiga msasa asubuhi nzima mpaka kikawa laini kama sahani. Alipomlaza alirudi nyuma akakitazama kitanda, halafu akamtazama mama, na nikaona yeye mwenyewe amekwisha. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na alikuwa ameshaifanya.

Mama alitutoka likizo ya Agosti, asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Niliporudi na mtungi nikaona majirani mlangoni, wanawake wameshika vichwa, na Madam ameketi chini kwenye kizingiti na viatu vyake vya kanisani. Alinyoosha mikono kwangu. Lakini mimi kwanza niliuinamisha mtungi polepole, nikautua chini bila kumwaga hata tone, kwa sababu nilikuwa nimepanga foleni muda mrefu na mama hakupenda maji yamwagike. Watu walisema nina moyo mgumu. Madam aliniangalia tu, mikono ikiwa bado imenyooka, mpaka nilipomaliza.

Tulimzika nyumbani kwa baba, Asembo. Madam alikuja akasimama nyuma kabisa, hasikii hata neno la yaliyosemwa kwa Kijaluo.

Niseme hapa hapa yaliyompata, maana mimi niliyasikia baadaye kutoka kwa Mercy. Alimaliza shahada yake, lakini kwa mada nyingine kabisa, juu ya uhaba wa vitabu vya kusoma shuleni. Ilimbidi aanze upya, na wenzake aliokuwa nao walimwacha nyuma. Stoo ikarudi kuwa ya mipira. Baba yake Mercy alipona, au tuseme aliendelea kuishi. Madam alihamishiwa shule ya mbali, na mimi sijamwona tena tangu siku ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa mwanzo wa muhula wa tatu. Nilikuwa nimerudi shuleni na kichwa kilichonyolewa, nakaa dawati langu lilelile, baba akijaribu kunipikia jioni na kuunguza. Asubuhi moja niliitwa nje. Dani, bibi yangu mzaa baba, alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta wa darasa na mkoba wake, na baba nyuma yake ameshika kofia. Alikuwa amekuja kunichukua. Walikuwa wameshakubaliana.

Madam alitoka na chaki mkononi. Dani hakujua Kiswahili, na Madam, zaidi ya salamu yake, hakujua Kijaluo. Wote wawili walimtazama baba, na baba akatazama chini. Basi wakanigeukia mimi.

Madam aliniambia nimwambie bibi kwamba anampa pole sana. Nikamwambia. Kisha aliniambia nimwambie kwamba anaomba nibaki Kisumu mpaka nimalize darasa la nane, kwamba mimi ni mwanafunzi mzuri, na kwamba kama baba hawezi peke yake, nitakaa kwake yeye, ana chumba. Nilikuwa sijasikia habari hiyo ya chumba. Niliitafsiri yote, sikuongeza wala kupunguza. Dani alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Muulize, yeye ana watoto?"

Nilimgeukia Madam. "Bibi anauliza, una watoto?"

Chaki ilimkatika mkononi. "Mwambie sina."

Nikamwambia Dani hana. Dani akamtazama Madam vizuri kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu mpaka usoni. Aliniambia nimwambie kwamba anamshukuru kwa kukaa na mke wa mwanawe alipokuwa mgonjwa, majirani wamemweleza. Nimwambie kwamba si kwa ubaya. Lakini yeye ametoka kumzika huyo mkaza mwanawe, nyumba yake imebaki na yeye na kuku, na mtoto wa boma hawezi kuachwa kwa mgeni hata mgeni akiwa mwema. Kijijini pia kuna shule.

Niliyasema yote hayo kwa Kiswahili sanifu alichonifundisha mwenyewe, kila neno mahali pake. Nakumbuka nilijitahidi. Nilipofika kwenye neno mgeni nilitafuta jingine lililo laini zaidi, sikulipata. Madam aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama alivyofanya darasani mtu akieleza jibu lake. Alimtazama baba mara moja. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Madam, nifanye nini?"

Hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Sidhani walikusudia ubaya. Nilikuwa mdomo wao wote, na mdomo hauulizwi.

Dani akanishika mkono. Madam alipiga magoti pale kwenye vumbi, chaki imemjaa kwenye vidole, akanishika mabega. Sikuwa nimewahi kumwona usoni kwa karibu namna hiyo.

"Nilitaka ubaki," alisema. "Sikujua nifanyeje, lakini nilitaka ubaki."

Nikamgeukia Dani, nikaanza kumweleza kwa Kijaluo kwamba Madam anasema alitaka nibaki, kwamba hakujua afanyeje. Dani akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu.

"Hilo usiniambie mimi, mtoto wangu," alisema. "Hilo amekuambia wewe."